Kaboni, resini, udongo au baiocha: kuchagua kinasaji cha PFAS kwenye maji taka

Bwawa la maji taka halizifanyi chochote PFAS, zile kemikali sugu zenye florini zinazotoka kwenye vitu kama povu la kuzima moto na dawa za kuzuia maji kuloa. Klorini haizigusi, na kuchemsha maji huzikoleza tu. Mtambo wa bakteria nao unaweza kuongeza hesabu badala ya kuipunguza, kwa sababu kemikali-mama ambazo kipimo cha kawaida hakizioni huingia, huvunjwa nusu njia, kisha hutokea upande wa pili zikiwa PFOA au PFOS kamili. Kifungo cha kaboni na florini ni kigumu mno kwa vijidudu. Ndiyo maana kazi hii huishia kwenye kinasaji: punje ngumu ambazo maji hupita katikati yake na kemikali hubaki zimeng'ang'ania.

Vinasaji vinavyoshindanishwa mara nyingi ni vinne: kaboni amilifu ya punje, resini ya kubadilisha ioni, udongo wa bentonaiti uliotibiwa, na baiocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea yaliyochomwa bila hewa. Kila muuzaji ana grafu inayoonyesha chake kikishinda, na mara nyingi grafu hiyo ni ya kweli, ila kwa maji yaliyotumika kuichora. Kinachoamua ni maji yako na mahali utakapopeleka kinasaji kikishashiba.

Pima haya kabla ya kuomba bei

Kwanza, ni PFAS zipi? Zenye mnyororo mrefu, kama PFOA na PFOS (kaboni 8), hunaswa kwa urahisi. Zenye mnyororo mfupi, kama PFBS na PFBA (kaboni 4), huteleza. Ripoti inayotoa jumla tu bila kutaja kila kemikali haitakusaidia kuchagua. Kwa maji taka, omba maabara inayotumia njia namba 1633 ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inayopima PFAS 40. Chupa ya sampuli iwe ya plastiki ya HDPE au polipropilini, na mchukuaji asiguse tepu nyeupe ya Teflon ambayo mafundi bomba huizungusha kwenye nyuzi za bomba, kwani Teflon yenyewe ni ya ukoo huo. Jaza pia chupa moja kwa maji safi ya maabara palepale uwanjani. Ikirudi na PFAS, uchafu umetoka mikononi mwenu.

Pili, kuna nini kingine ndani ya maji? Hapa ndipo miradi mingi hupotea, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mtambo wa mita za ujazo 10 kwa saa, sawa na 240 kwa siku, wenye maji ya nanogramu 1,000 za PFAS kwa lita. Kwa siku 70 PFAS zote zilizopita hazifiki gramu 17. Ikiwa maji hayohayo yana miligramu 2 tu za kaboni ogania kwa lita, katika siku hizo zimepita kilo 33 na zaidi. Yaani kwa kila gramu unayoiwinda kuna gramu 2,000 za mabaki ya majani, sabuni na vyakula zinazogombea viti vilevile, na kinachokijaza kinasaji ni hizo. Kwa hiyo pima kaboni ogania, nitrati, salfeti, kloridi, chuma, mafuta na chembe zinazoelea. Vipimo hivi ni vya bei ndogo kuliko cha PFAS, na bado ndivyo vinavyorukwa.

Tatu, lengo ni lipi? Marekani mwaka 2024 iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na 4 kwa PFOS. Umoja wa Ulaya unaruhusu nanogramu 100 kwa jumla ya PFAS 20. Vikomo vyote viwili ni vya maji ya kunywa, wala si vya maji taka, lakini watu huvitumia kama shabaha pale maji yanapoishia kwenye mto au kisima cha jirani. Kati ya 4 na 100, gharama haifanani hata kidogo.

Nne, kikishashiba kinakwenda wapi? Kama huna jibu la swali hili, bado hujafika hatua ya kuomba bei.

Hesabu zote zinazofuata ni za mtambo uleule wa mita za ujazo 10 kwa saa, wenye matangi mawili yaliyofuatana: la kwanza hunasa, la pili hulinda. La kwanza likianza kupitisha, hutolewa, la pili huchukua nafasi yake, na kinasaji kipya huwekwa nyuma. Usikubali tangi moja peke yake. Siku ya kupenya utaijua baada ya majibu ya maabara kurudi, na hapo maji yamekwisha kwenda.

Kaboni amilifu ya punje

*Inavyonasa.* Mkia wa florini huchukia maji na hujificha kwenye vitundu vya kaboni. Ni mvuto dhaifu, wenye nguvu ya kutosha kwa mnyororo mrefu na hafifu kwa mfupi. Wenye mnyororo mfupi hupenya mapema, kisha huja jambo linalowashangaza wengi: wale warefu wanaoendelea kufika huwasukuma wafupi waliokwisha kunaswa, na maji yanayotoka huwa na PFBA nyingi kuliko yanayoingia.

*Ukubwa na uwekaji.* Maji yakae ndani ya tabaka dakika 10 hadi 20. Kwa dakika 10, mtambo wetu unahitaji takriban mita za ujazo 1.67 kwa kila tangi, yaani kilo 800 hivi za kaboni kavu. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.26 litatoa kina cha mita 1.3 na mwendo wa mita 8 kwa saa. Acha nafasi tupu juu ya tabaka, karibu nusu ya kina chake.

Jaza tangi maji hadi nusu, ndipo umwage kaboni. Iache iloe saa 24 au zaidi, maana hewa iliyobaki ndani ya vitundu hugeuka kuwa njia za mkato za maji. Kisha osha kinyume, kutoka chini kwenda juu, tabaka livimbe kwa asilimia 20 hadi 30 mpaka maji yatoke meupe. Maji ya mwanzo huwa na pH ya juu na yanaweza kuwa na aseniki kidogo iliyotoka kwenye kaboni yenyewe, kwa hiyo yasiende mtoni. Weka bomba za sampuli kwenye robo, nusu na robo tatu ya kina. Hizo ndizo zitakuonyesha kemikali ikishuka wiki kadhaa kabla ya kutokea chini.

*Kinachoharibika.* Tabaka likioshwa kinyume kila presha inapopanda, punje zilizoshiba za juu huchanganyika na safi za chini, na kupenya huja mapema. Weka kichujio cha chembe mbele yake ili uoshe mara chache. Kingine ni hatari ya kuua: kaboni iliyolowa hufyonza oksijeni ya hewa ndani ya tangi lililofungwa. Mtu akiingia bila kupima hewa anaweza kuzimia kabla hajapiga kelele.

Wengi katika ukanda wa ziwa wanaijua kaboni ya vifuu vya nazi kutokana na uchenjuaji wa dhahabu. Ni ngumu, haivunjiki ovyo, na kwa dhahabu ugumu huo ndio unaotakiwa. Lakini vitundu vyake vingi ni vidogo mno, na katika majaribio mengi ya PFAS kaboni ya makaa ya mawe, iliyosagwa na kuunganishwa upya, imedumu zaidi. Kaboni iliyokwisha kutumika kwenye dhahabu isikaribie mtambo huu kabisa, kwani hubeba sianidi na mara nyingine zebaki.

*Ikishashiba.* Hapa ndipo inapowazidi wenzake. Inaweza kurudishwa tanuruni, kwenye nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, ikatoka tayari kwa kazi baada ya kupoteza karibu sehemu moja ya kumi. Lakini lazima kiwe kiwanda kinachopokea kaboni yenye PFAS na chenye vifaa vya kusafisha moshi. Kama kiko nchi nyingine na mzigo unahesabiwa kuwa taka hatarishi, Mkataba wa Basel unadai idhini ya maandishi ya nchi inayopokea kabla haujaondoka.

*Inamfaa* mwenye maji yanayobadilikabadilika, mwenye nafasi ya matangi makubwa, na mwenye mafundi waliozoea vichujio vya mchanga. Mamlaka ya maji ya Wilmington, North Carolina, inayochota mto Cape Fear, ilichagua kaboni na kuwasha vichujio vyake mwaka 2022. Maji ya mto yenye mabaki ya mimea si mahali pepesi pa kuanzia na resini.

Resini ya kubadilisha ioni

*Inavyonasa.* Ushanga mdogo wa polistirini wenye chaji chanya. Kichwa cha PFAS chenye chaji hasi hushikwa na chaji hiyo, na mkia nao hushikwa na plastiki. Kwa kuwa hushikwa pande mbili, hata PFBS hukaa vizuri. PFBA bado hutoroka mapema, ila si mapema kama kwenye kaboni.

*Ukubwa na uwekaji.* Dakika 2 hadi 3 zinatosha. Kwa dakika 3, mtambo wetu unahitaji lita 500 tu kwa tangi: kipenyo cha sentimita 84, kina cha sentimita 90, mwendo wa mita 18 kwa saa. Mbele yake weka kichujio cha mikroni 5. Mimina resini ndani ya maji na usiiache ikauke, kwani ushanga uliokauka ukiloweshwa ghafla hupasuka.

*Kinachoharibika.* Ikishaanza kazi haioshwi kinyume. Resini huishi kwa mpangilio wa tabaka lake, na kulikoroga ni kuutupa uwezo wake. Klorini huikata polepole, kwa hiyo iondolewe kabla ya maji kuingia. Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huuvika ushanga kutu, na mafuta huufunika kabisa. Nitrati na salfeti nyingi huchukua nafasi za chaji. Siku za mwanzo resini huachia kloridi kwa wingi na kubadilisha pH, jambo la kuzingatia pale maji yanaporudi kwenye mabomba ya chuma.

Sasa hesabu ambayo wauzaji wa pande zote mbili huipindisha. Utaambiwa kaboni husafisha mara 10,000 ya ujazo wake na resini mara 100,000, kwa hiyo resini ni bora mara kumi. Tuseme kweli ni hivyo kwa maji yako. Tangi la kaboni la lita 1,670 litasafisha mita za ujazo 16,700, karibu siku 70. Tangi la resini la lita 500 litasafisha mita 50,000, karibu siku 208. Kwa muda wa kubadilisha, ni mara tatu. Kwa pesa, gawa bei ya lita moja ya kinasaji kwa lita za maji inazosafisha. Resini ikiuzwa mara nane ya kaboni, imeshinda kidogo. Ikiuzwa mara kumi na mbili pamoja na usafiri, imeshindwa. Hizo mara 10,000 na mara 100,000 zipatikane kwa kupitisha maji yako kwenye safu ndogo za majaribio zikiwa bega kwa bega, wala si kwa grafu ya mtu.

*Ikishashiba.* Nyingi hutumika mara moja, kisha huchomwa kwenye tanuru la taka hatarishi, nyuzi 1,100 au zaidi. Zipo zinazosafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na methanoli nyingi, kama ilivyofanyika kwenye maji ya ardhini ya Pease, kambi ya zamani ya jeshi la anga huko New Hampshire, yaliyochafuliwa na povu la kuzima moto. Methanoli huwaka, lazima itenganishwe na kurudishwa, na unabaki na majimaji machache yaliyokolea PFAS kupindukia. Inalipa pale uchafu ulipo mkali. Kwa mtambo mdogo ni mzigo.

*Inamfaa* mwenye maji safi ya ardhini, nafasi finyu, na lengo kali au mnyororo mfupi. Visima vingi vya Orange County, California, vimefungiwa resini kwa sababu hizo.

Bentonaiti iliyotibiwa

*Inavyonasa.* Sodiamu ya udongo huondolewa na kuwekwa molekuli ndefu za jamii ya amoniamu, basi uso wake unakuwa na chaji chanya na wenye kupenda mafuta. Kwa hiyo bentonaiti ya kuchimbia visima haifai: ina chaji hasi na huifukuza PFAS. Kunasa hutokea juu ya tabaka za udongo, si ndani ya vitundu vyembamba, kwa hiyo ni kwa haraka, na mabaki makubwa ya ogania hayazibi njia kama yanavyoziba kaboni.

*Ukubwa na uwekaji.* Muda wa mguso unakaribia wa resini kuliko wa kaboni. Fuata karatasi ya mtengenezaji kisha uthibitishe kwa safu yako. Nunua ya punje, si unga. Ipitishe maji ya kutosha kabla ya kuiunganisha, ili vumbi na molekuli zilizolegea zitoke.

*Kinachoharibika.* Huvimba na presha hupanda. Udongo wa namna hii umetumika miaka mingi kunasa mafuta kwenye maji ya visima vya petroli, na tabia hiyo hauiachi: maji yakiwa na mafuta utayanasa nayo, na nafasi za PFAS zitakwisha.

*Ikishashiba.* Hakuna kuirudisha. Joto linaloondoa PFAS huunguza pia zile molekuli za amoniamu. Ni kuchomwa au kuzikwa kwenye dampo lililojengwa kwa taka hatarishi.

*Inamfaa* mwenye maji mazito yanayoua kaboni na resini, au anayetaka pia kutuliza udongo: kinasaji hiki huchanganywa na ardhi iliyomwagiwa povu ili PFAS zisishuke kisimani. Kazi hiyo resini haiiwezi.

Baiocha

*Inavyonasa.* Kama kaboni amilifu, lakini kwa uso mdogo zaidi: mara nyingi makumi hadi mamia machache ya mita za mraba kwa gramu, wakati kaboni amilifu hufika 800 hadi 1,200.

*Ukubwa na uwekaji.* Mabaki ya miwa na vifuu hufaa kuliko pumba za mpunga, zenye majivu mengi ya silika. Yachomwe bila hewa kwenye nyuzi 700 hadi 900. Tanuri la udongo la mkaa wa kupikia halishiki joto hilo kwa usawa. Ponda, chekecha punje za milimita 0.5 hadi 2, osha mpaka pH ishuke. Pima kila mkupuo: gramu 1 kwa lita moja ya maji yako, tikisa saa 24, chuja, peleka maabara. Anza na muda wa mguso wa dakika 20 au zaidi.

*Kinachoharibika.* Mkupuo wa leo haufanani na wa jana, punje laini husagika zikaziba tabaka, na mnyororo mfupi hupita kama hakuna kitu.

*Ikishashiba.* Ichomwe kwenye tanuru linalofaa, basi. Baiocha inajulikana kama mbolea, na mtu akiona gunia limekaa nyuma ya mtambo ataona ni neema ya shamba. Liandike, lifunge, na lisitoke uani, kwa sababu mboga zinazomwagiliwa hapo zitanyonya hasa ile minyororo mifupi.

*Inamfaa* mwenye malighafi karibu, lengo lisilo kali, na maabara ya uhakika. Inafaa pia kama tabaka la mbele linalokula mabaki ya ogania, ili kaboni au resini ya nyuma ipumue.

Kwa hali yako

Maji ya kuzimia moto kwenye uwanja wa ndege au ghala la mafuta: PFOS ilitiwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaobana kemikali sugu, mwaka 2009, PFOA 2019 na PFHxS (ndugu yao wa kaboni 6) 2022, lakini povu la zamani bado lipo kwenye mitungi na sakafu. Maji haya hutoa mapovu, na hilo ni faida. Pulizia hewa chini ya tangi, kusanya povu la juu, na sehemu kubwa ya mnyororo mrefu itakuwa ndani yake. Kinachobaki kipite kwenye kaboni au udongo. Kinasaji kikiwekwa moja kwa moja kwenye povu hufa upesi.

Majimaji ya dampo, yenye kaboni ogania ya mamia ya miligramu kwa lita: usianze na kinasaji chochote kati ya hivi. Safisha kwanza ogania na amonia, tenga povu, kisha jaribu udongo na kaboni sambamba.

Kiwanda cha nguo au ngozi kinachotumia dawa za kuzuia maji kuloa: badilisha dawa kwanza. Dawa mbadala zenye mnyororo mfupi zitakusogeza kwenye kona ambayo kaboni ni dhaifu, basi hapo resini, baada ya kuondoa rangi na chumvi kadiri inavyowezekana.

Kisima kilichochafuliwa, maji meupe, ogania chini ya miligramu 2: resini na kaboni zote zinafaa. Ukishindwa kuamua, weka kaboni mbele na resini nyuma.

Dharura ya wiki chache, tayari una tangi la kutuamisha: kaboni ya unga, miligramu 20 hadi 50 kwa lita, ikorogwe nusu saa kabla ya dawa ya kugandisha. Tope lote litakalotoka ni taka ya PFAS. Lisiende shambani wala kwenye kitanda cha kukaushia kisicho na sakafu.

Na kama hujapata anayekubali kwa maandishi kupokea kinasaji kilichoshiba, zungumza kwanza na mamlaka ya mazingira ya nchi yako (NEMC au NEMA) na wenye matanuri yenye kibali cha taka hatarishi. Klinka ya saruji huiva kwenye nyuzi 1,450 hivi, na baadhi ya nchi zimeanza kutumia matanuri hayo kwa PFAS. Kibali ndicho kinachoamua, si joto peke yake. Mpaka hapo, uliza bei ya mapipa ya chuma yenye vifuniko na banda lenye sakafu ya zege, uiweke kwenye bajeti kwa tani ulizopiga hesabu: kaboni karibu kilo 800 kila mabadiliko, resini lita 500.